"Sijambo, daktari": Hojaji ya afya husema kweli lini?

Mwanamke mmoja wa makamo aliingia katika chumba changu cha matibabu hapa Malindi asubuhi, akaketi, akaniamkia kwa adabu. Nilipomwuliza hali alinijibu kama tunavyojibu sote: "Sijambo, daktari, twashukuru." Kisha, bila hata kupumzika, akaanza kunieleza kwamba kichwa chamwanga tangu mwezi uliopita, mwili umekuwa mzito kama gunia, na chakula hakipiti.

Nilimpima presha, nikampima damu kuangalia malaria na upungufu wa damu. Vyote vilikuwa sawa. Siku hizo nilikuwa nimeanza kutumia hojaji fupi ya maswali 12 kwa wagonjwa ambao maumivu yao hayaonekani katika vipimo vya maabara. Nikamsomea, naye akajibu moja baada ya jingine bila kusita. Alipata alama 2 kati ya 12. Kwa kiwango nilichokuwa nimejiwekea, alama 2 hazikutosha kumtilia mtu shaka. Nikampa dawa ya kutuliza maumivu, nikamwambia arudi akiona haja.

Hakurudi. Baada ya miezi mitatu dada yake alimleta usiku, akiwa amejaribu kujitoa uhai. Tulimpeleka hospitalini, akapona. Lakini tangu usiku ule nimekuwa nikiitoa karatasi yake kwenye faili na kuitazama tena na tena, nikijiuliza ni wapi ilipokosea. Mama yule hakudanganya hata swali moja. Nitaeleza baadaye kidogo jinsi nilivyokuja kulijua hilo.

Msomaji, bila shaka nawe umewahi kupewa karatasi kama hiyo. Ukienda kuomba kazi hotelini unaulizwa kama una kifafa, pumu au maradhi ya moyo. Ukitaka bima unaulizwa kama umelazwa katika miaka ya karibuni. Na ukiwa mkazi wa Kilifi, huenda umewahi kutembelewa nyumbani na watafiti wa kituo cha KEMRI na Wellcome Trust, ambacho kimekuwa Kilifi tangu mwaka 1989, wakakuuliza habari za afya ya watu wa nyumba yako. Karatasi zote hizi ni za namna moja: mtu anaeleza afya yake mwenyewe, na mwingine anayaamini maneno yake bila kumgusa mwilini. Swali la leo ni je, maneno hayo yaaminiwe kiasi gani, na nani aliyeipima karatasi yenyewe kabla ya kutupima sisi?

MIZANI BILA JIWE

Tuanze na kitu tunachokijua. Mwenye duka ana mizani. Mkaguzi wa vipimo akija, huweka juu yake jiwe ambalo uzito wake unajulikana, tuseme kilo moja, akaangalia mambo mawili. Kwanza, je, mizani ikipimwa mara tano inatoa jibu lile lile? Pili, je, jibu hilo ndilo lenyewe? Mambo haya si mamoja. Iko mizani inayotoa gramu 900 kila mara, kwa uthabiti usiotikisika, na kila mara inakosea. Mizani hiyo ni thabiti lakini si ya kweli.

Hojaji nayo hupimwa kwa njia hizo mbili. Uthabiti wake hupimwa kwa kumwuliza mtu yule yule tena baada ya muda, aghalabu wiki moja au mbili, na kuona kama majibu yanafanana. Hapa pana mtego ambao watu wa pwani tutauona upesi kuliko wengine. Ukimwuliza mtu wa Malindi juu ya usingizi wake wiki ya mwisho ya Shaabani, kisha ukamwuliza tena katikati ya Ramadhani, majibu yatatofautiana, nawe usiseme hojaji ni mbovu. Mtu anaamka kula daku! Vivyo hivyo ukimwuliza mvuvi juu ya dhiki zake wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari, na kumrudia kusi linapovuma na vyombo viko pwani vimeinuliwa. Kilichobadilika ni maisha yake.

Kipimo cha pili, cha ukweli, ndicho kigumu zaidi, kwa sababu huzuni haina jiwe la kilo moja. Homa ina kipimajoto, sukari ina tone la damu, lakini hakuna mashine ya kupima uchungu wa moyo. Basi watafiti hutumia jiwe la badala: wanamchukua mtu yule yule aliyejibu hojaji, wanamketisha na mtaalamu aliyefunzwa, ambaye hajui alama alizopata, naye anamhoji kwa muda mrefu na kumchunguza. Kisha wanalinganisha. Kazi hii ni ya gharama na subira, na ndiyo maana hojaji nyingi zinazozunguka mikononi mwetu hazikuwahi kufanyiwa. Zilitafsiriwa tu, zikapigwa chapa.

MANENO KWANZA

Kabla hata ya kufika kwa mtaalamu, hojaji hukwama kwenye ulimi. Chukua neno homa. Daktari akisema homa ana maana ya joto la mwili kupanda. Mgonjwa akisema ana homa, huenda ana maana ya mafua, uchovu, maungo kuuma, au kwamba tu hajisikii vizuri. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo, Tanzania, katika miaka ya 1990 walikuta wenyeji wakiitenga homa ya kawaida na homa ya malaria, na degedege ya watoto ikihesabiwa kuwa ugonjwa mwingine kabisa usiohusiana na malaria. Huku kwetu Kilifi wazee wengi huiita nyuni, na si kila mmoja anaamini kuwa dawa yake iko hospitali. Basi mama akiulizwa, "Je, mtoto wako amepata malaria mwaka huu?" naye mtoto alipatwa na nyuni, atajibu hapana kwa moyo safi kabisa.

Au chukua moyo. "Moyo waniuma" yaweza kuwa kifua, yaweza kuwa tumbo la juu, yaweza kuwa mtoto aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani na hajapiga simu kwa miezi minne. Mtafsiri wa ofisini hawezi kujua ni lipi. Njia ya kujua ni kumsomea mtu swali, kisha kumwuliza: "Umelielewaje? Hebu nirudishie kwa maneno yako." Kazi ndogo sana, lakini mara kwa mara huivunja hojaji nzima ikabidi kuandikwa upya.

Mfano bora ninaoujua katika Kiswahili ni wa Dar es Salaam. Marekani, mwaka 1992, ilichapishwa hojaji ya afya ya jumla yenye maswali 36, ambayo imekuja kutumiwa karibu dunia nzima. Humwuliza mtu habari za nguvu za mwili, maumivu, uchovu, mahusiano na wenzake na hali ya moyo wake, na kila fungu hupewa alama kutoka 0 hadi 100. Lakini hojaji hiyo, katika umbo lake la asili, ilipotaka kujua kama mtu anaweza kazi za wastani, ilitoa mifano ya kusukuma mashine ya kufyonza vumbi na kucheza gofu. Iliuliza pia kama mtu anaweza kupanda ngazi za ghorofa kadhaa. Lamu ngazi zipo, tena nyembamba na za kuchosha; lakini ukienda Marafa au Ganze utauliza ghorofa ya nani?

Watafiti waliipeleka hojaji hiyo Tanzania, wakaitafsiri, wakairudisha Kiingereza kuona kama maana imebaki, wakaijaribu kwa watu, kisha wakaipima kwa zaidi ya watu wazima 3,000 wa jiji la Dar es Salaam. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Waliangalia mambo ambayo hata mtu asiyesoma takwimu atayaelewa: je, wazee wanapata alama za chini za nguvu kuliko vijana? Je, wenye maradhi ya kudumu wanapata alama za chini kuliko wazima? Kama hojaji ingesema mzee wa miaka 70 ana nguvu sawa na kijana wa miaka 20, tungejua kuna kasoro bila kuhitaji mtaalamu.

Liko tatizo jingine la lugha ambalo sijaona likitiliwa mkazo wa kutosha, nalo ni ukanushi. Mwulize Mswahili, "Hujapoteza usingizi wiki hii?" Akijibu "Ndiyo," ana maana gani? Wengi wetu tuna maana kwamba ndiyo, ni kweli ulivyosema, sijapoteza. Lakini yule anayejaza karatasi akifuata desturi ya Kiingereza ataandika kwamba mgonjwa amepoteza usingizi. Nimeona karatasi ambamo mtu mmoja ameandikwa kuwa analala vizuri katika swali la pili na halali kabisa katika swali la saba. Hakuna aliyedanganya. Nashauri kila anayetunga hojaji ya Kiswahili aulize kwa umbo la kuthibitisha, na majibu yawe maneno kamili, "nimelala" au "sikulala", badala ya ndiyo na la.

HESABU KIDOGO

Sasa tuje kwenye hesabu, nami naahidi haitazidi ile ya sokoni. Hojaji inapolinganishwa na uchunguzi wa mtaalamu, huulizwa maswali mawili: katika wagonjwa wa kweli imewanasa wangapi, na katika wazima wa kweli imewaacha wangapi waende zao?

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme hojaji hunasa wagonjwa 80 kati ya kila 100, na huwaacha wazima 80 kati ya kila 100. Ni hojaji nzuri ya kadiri. Tuipeleke mtaani kwa watu 1,000, ambao 100 kati yao wana ugonjwa wa huzuni. Itawanasa 80, na 20 watapita. Katika wale wazima 900, itawaacha 720 lakini itawashika 180 bure. Jumla ya walioshikwa ni 260, na wagonjwa wa kweli kati yao ni 80 tu, yaani chini ya theluthi moja. Ukiwaambia wote 260 kwamba ni wagonjwa, utakuwa umewakosea watu 180.

Ipeleke sasa hojaji ile ile katika zahanati, ambako watu 300 kati ya 1,000 wana ugonjwa huo. Itawanasa 240, na itawashika bure 140 kati ya wazima 700. Walioshikwa ni 380, na zaidi ya nusu, 240, ni wagonjwa wa kweli. Karatasi haikubadilika hata nukta moja. Kilichobadilika ni mahali. Ndiyo maana ninapoona shirika limepita kijijini na hojaji, kisha likatangaza kwamba watu kadha wa kadha "wamegunduliwa" kuwa na ugonjwa wa akili, huwa nakunja uso. Hojaji ni chujio. Huonyesha nani aketishwe na daktari, basi.

Kilifi tuna mfano wetu wa jinsi kazi hii inavyofanywa sawasawa, ingawa ni wa watoto na waliojibu ni wazazi. Ni hojaji ya maswali 10 iliyokuwa imekwisha jaribiwa Bangladesh, Jamaica na Pakistan. Huuliza kama mtoto alichelewa kuketi na kutembea, kama anaona na kusikia vizuri, kama hupatwa na kifafa au kupoteza fahamu, kama anaelewa anayoambiwa. Watafiti wakiongozwa na Victor Mung'ala-Odera waliwauliza wazazi wa watoto 10,218 wa umri wa miaka 6 hadi 9. Watoto 955 walionekana kuwa na tatizo kwa mujibu wa hojaji, na 810 kati yao walifika kuchunguzwa.

Jambo ninalolisifu zaidi ni lile lililofuata: waliwachunguza pia watoto 766 ambao hojaji ilisema hawana tatizo lolote. Wengi hupuuza hatua hii kwa sababu inaonekana kama kupoteza fedha. Mbona umchunguze mtoto mzima? Lakini bila kuwachunguza walioachwa, huwezi kujua ni wangapi uliowaacha kimakosa. Kwa kuwajumlisha wote, watafiti waliweza kukadiria, katika ripoti ya mwaka 2006, kwamba watoto 61 kati ya kila 1,000 wa umri huo walikuwa na ulemavu wa wastani au mkubwa wa ubongo na neva. Nami katika zahanati yangu sikuwa nimemchunguza hata mtu mmoja aliyepata alama za chini. Nilikuwa nimeitwaa mizani, nikaiamini kwa sababu imepigwa chapa.

KAWAIDA YA NANI?

Ile hojaji ya maswali 12 niliyomsomea yule mama ilitokana na kazi ya daktari wa magonjwa ya akili, David Goldberg, wa London, aliyeichapisha mwaka 1972 ikiwa na maswali 60. Baadaye ilifupishwa ikawa 30, 28 na 12. Inaitwa hojaji ya afya ya jumla, na jina hilo hupotosha, kwani haigusi presha wala sukari wala macho. Inatafuta wasiwasi na huzuni katika watu wanaokwenda kwa daktari wa kawaida, watu kama wale wanaokuja kwangu kulalamika kichwa na tumbo.

Si hojaji mbaya. Shirika la Afya Duniani liliipima katika vituo 15 vya nchi mbalimbali, Ibadan ya Nigeria ikiwa ndiyo pekee ya Afrika, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1997 yalionyesha kwamba haikufanya kazi vibaya zaidi katika nchi zinazoendelea. Lakini yalionyesha pia kwamba mstari wa kutenganisha mgonjwa na mzima haukuwa mmoja kila mahali. Mji huu alama 2 zinatosha kumtilia mtu shaka, mji ule hata 4 hazitoshi. Nilikuwa nimeuchukua mstari wangu kitabuni. Hapa Kenya, Amina Abubakar, mtafiti ambaye amefanya kazi nyingi za namna hii Kilifi, pamoja na Ronald Fischer, walichapisha mwaka 2012 uchunguzi wa kama maswali yale 12 yanapima kitu kimoja au vitu kadhaa. Waliowahoji walikuwa Wakenya wanaojua kusoma. Mama yule hakujua kusoma.

Lakini kosa langu kubwa lilikuwa jingine, na nililijua siku alipotoka hospitalini akaja kuniona. Nilimsomea karatasi upya, polepole. Tulipofika kwenye swali la usingizi nilimwuliza kama siku za karibuni amepoteza usingizi kwa mawazo. Akasema, "Si zaidi ya kawaida."

Nikamwuliza, "Na kawaida yako ni ipi, mama?"

Akanitazama kama anayeulizwa jina lake. "Kawaida yangu mimi ni kukesha, daktari. Tangu marehemu aondoke. Mwaka wa sita huu."

Hapo ndipo penye kasoro, nayo inajulikana kwa wataalamu tangu miaka ya 1980. Hojaji hii haimwulizi mtu kama analala. Inamwuliza kama analala vibaya kuliko kawaida yake. Anayejibu "si zaidi ya kawaida" hupewa sifuri. Kwa mtu aliyeanza kuugua mwezi jana, swali ni zuri, kwani anaikumbuka kawaida yake. Kwa mtu aliyeugua miaka sita, ugonjwa wenyewe umekuwa ndio kawaida, na karatasi inamhesabu kuwa mzima. Alama zake 2 zilikuwa ni dalili mbili mpya zilizoongezwa juu ya nyingine za zamani ambazo sikuzihesabu.

Mchumi Amartya Sen aliligusa jambo hili kwa upana zaidi mwaka 2002. Alionyesha kwamba jimbo la Kerala, India, ambako watu wanaishi muda mrefu kuliko majimbo mengine, ndiko watu walikoripoti magonjwa kwa wingi zaidi. Na Bihar, ambako hali ni duni, waliripoti machache. Mtu aliyezoea kuona watoto wote wa mtaani wakikohoa hahesabu kikohozi kuwa ugonjwa. Kwetu ni vivyo hivyo na presha. Katika uchunguzi wa taifa uliofanywa Kenya mwaka 2015, karibu mtu 1 katika kila watu wazima 4 alikutwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakuwahi kupimwa hata mara moja. Ukimwuliza mtu wa aina hiyo kwenye fomu, "Je, una presha?" ataandika hapana, na hana kosa.

Je, tuseme basi kwamba maneno ya mtu juu ya afya yake hayana thamani? La. Katika jimbo la Manitoba, Kanada, watafiti wawili walionyesha mwaka 1982 kwamba wazee waliojibu kuwa afya yao ni mbaya walikufa kwa kiwango cha karibu mara 3 ya wale waliosema ni bora kabisa, hata baada ya kuzingatia magonjwa yaliyoandikwa katika faili zao. Mapitio ya mwaka 1997 yaliyokusanya tafiti 27 yalikuta karibu zote zikisema hivyo hivyo. Mtu ana habari za mwili wake ambazo faili haina. Shida iko katika jinsi anavyoulizwa.

NANI ANASIKILIZA?

Kuna jambo la mwisho ambalo halimo katika takwimu. Hojaji inayoitwa ya kujaza mwenyewe, huku kwetu mara nyingi haijazwi na mwenyewe. Husomwa kwa sauti na kijana mwenye kalamu, barazani, mama mkwe akiwa hatua tatu kutoka pale anakuna nazi. Katika hali hiyo nani atasema kwamba moyo umemchosha kuishi? Mvuvi mmoja mzee wa Mayungu nilimwuliza mbele ya mwanawe kama anafurahia shughuli zake za kila siku. Akacheka: "Daktari, bahari yafurahiwa?" Mwanawe alipotoka kuzungumza na simu, mzee aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hajaingia baharini tangu Idi, na kwamba asubuhi huona uzito hata kuvaa kikoi.

Swali la kujiua ndilo gumu kuliko yote. Liko katika hojaji ya maswali 9 ya huzuni, iliyotungwa Marekani na kutangazwa mwaka 2001, ambayo toleo lake la Kiswahili lilipimwa Kilifi kwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Swali la tisa humwuliza mtu kama amefikiria kuwa afadhali afe au ajidhuru. Kwa miaka mingi hapa Kenya, kujaribu kujiua kulikuwa ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Lakini hofu haifutwi siku moja na hukumu, na hofu ya mtaa na ya msikiti au kanisa haikuandikwa katika sheria yoyote. Mimi huliuliza swali hilo mlango ukiwa umefungwa, baada ya mengine yote, na huanza kwa kusema kwamba wengi waliokalia kiti hicho walinijibu ndiyo. Kumwuliza mtu hakumtii wazo ambalo hakuwa nalo, msomaji. Hofu hiyo ni ya kwetu sisi tunaouliza. Nawe ukiwa na mawazo hayo, au ukimwona ndugu yako ameanza kuaga watu na kugawa vitu vyake, usingoje karatasi: mwende siku hiyo hiyo hospitalini, na asiachwe peke yake.

Ukipewa hojaji, una haki ya kuuliza. Uliza "kuliko kawaida" ni kawaida ya lini. Uliza kama nakala ya Kiswahili iliwahi kupimwa kwa watu wa pwani au ilitafsiriwa tu. Uliza nani ataisoma. Swali usilolielewa, sema hukulielewa, usikisie ili kumfurahisha mwulizaji. Na ukiwa wewe ndiye unayeuliza, mwuguzi, mwalimu au mfanyakazi wa kujitolea wa afya, andika pembeni maneno yenyewe ya mgonjwa, hata kama hayana kisanduku chake.

Ile hojaji ya maswali 12 ningali nayo, naitumia. Nimeongeza swali moja la kwangu kabla ya yote, lisilo na alama: "Jana ulilala saa ngapi, ukaamka saa ngapi?" Mama yule huja kila mwezi kwa dawa na mazungumzo. Mara ya mwisho nilipomwuliza alihesabu kwa vidole. Alilala saa nne usiku, akaamka mara moja kwa mvua, akalala tena mpaka adhana.